Foleni ya kura haijipangi yenyewe

Tarehe 7 Aprili 2020, korona ikiwa imepamba moto, wapigakura wa Milwaukee, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la Wisconsin, Marekani, walikuta vituo 5 tu. Kwa kawaida huwa 180 hivi, ila wasimamizi, wengi wao wazee, walikuwa wamejitoa. Siku moja kabla, Gavana Tony Evers alikuwa ameamuru uchaguzi uahirishwe. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua amri hiyo siku ileile. Watu wakapanga foleni ya saa kadhaa.

Waliopinga kuahirisha hawakuwa wakibwabwaja. Mtawala akiruhusiwa kusogeza tarehe kwa sababu ya ugonjwa, kesho hatakosa sababu nyingine. Ethiopia iliahirisha uchaguzi wa Agosti 2020, Tigray, jimbo lake la kaskazini, ikafanya wa kwake Septemba, na ubishi wa nani yuko madarakani kihalali ukachangia vita vilivyolipuka Novemba.

Lakini hoja hiyo ni ya tarehe. Foleni ni suala jingine, na jibu lake lilionekana siku nane baadaye kule Korea Kusini. Waliojitokeza walikuwa asilimia 66.2, kiwango ambacho uchaguzi wa bunge nchini humo haukuwa umekifikia tangu 1992. Zaidi ya robo ya wapigakura wote walikuwa wameshamaliza kazi yao katika siku mbili za kura ya mapema, kwenye kituo chochote nchini, bila kuomba kibali. Waliokuwa karantini walipiga kura baada ya saa 12 jioni, wengine wakishaondoka. Utaratibu wa kura ya mapema ulikuwa umezoeleka tangu 2014. Korona iliukuta tayari.

Ufaransa, kwa duru ya kwanza ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ilikuwa na Jumapili moja, 15 Machi, na waliojitokeza hawakufika nusu, ilhali 2014 walizidi asilimia 63. Kura ya posta haikuwepo: iliondolewa 1975 kwa sababu ya wizi. Hofu hiyo naielewa. Karatasi ikijazwa mezani nyumbani, nani ajuaye mume alisimama nyuma ya nani? Hata hivyo, bila kura zaidi ya milioni moja zilizopigwa nje ya vituo vya siku ile, Wisconsin ingeumbuka. Kuhusu maambukizi, watafiti waliofuatilia hawakuafikiana: wengine waliona ongezeko, wengine hawakuliona.

Mimi nachagua siku nyingi kuliko posta, hasa kwetu, ambako barua haifiki mlangoni. Uganda, kuelekea uchaguzi wa Januari 2021, ilibana mikutano ya kampeni isizidi watu 200, na mgombea urais Bobi Wine akakamatwa Novemba 2020 kwa madai ya kuvunja masharti hayo. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Upigaji kura wenyewe ukabaki vilevile: siku moja, kituo ulichoandikishwa, hata kama unaishi mbali nacho. Masharti yalimbana mgombea, foleni ikaachwa.

Siku tatu za kupiga kura, lakini, zina usiku mbili za kulinda masanduku. Korea yenyewe, baadhi ya walioshindwa walidai kura za mapema zimechakachuliwa, hadi mahakama ikatupa madai yao. Kwetu wakala wa chama hukesha kituoni usiku mmoja tu na tayari posho yake ni ugomvi.