Miavuli ya washenga

Mwandishi mmoja anasema wazazi wanaowatafutia watoto wao wachumba pale bustani ya People's Park, Shanghai, China, "wanawauza". Hapo kawaonea. Nilisoma mji huo, Jumamosi moja nikapita: miavuli imetandazwa chini, kila mmoja una karatasi. Mwaka wa kuzaliwa, urefu, shahada, mshahara, nyumba anayo au hana, usajili wa ukaazi ni wa wapi. Picha chache mno. Mama mmoja kakaa na chupa yake ya chai, utadhani anauza karanga. Sasa jamani, wengi wa hao ni watoto wa pekee, sera ya mtoto mmoja ilidumu hadi 2015. Mzazi hana wa akiba! Kichekesho ni kwamba baadhi ya wahusika wenyewe hawajui kama wametundikwa pale.