Nani Ana Mimba? Swali Linalotangulia Sindano

Kabla ya kuwachoma kondoo chanjo ya zamani ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu, daktari wa mifugo hana budi kuuliza: yupi ana mimba? Mwenye kondoo sita anaweza kujibu. Mwenye mia mbili, madume na majike wakichungwa pamoja mwaka mzima, hajui, na akijibu anabahatisha. Chanjo hiyo, Smithburn, ni kirusi hai kilichotokana na mbu walionaswa Uganda mwaka 1944, kikapitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya hadi makali yake yakapungua. Yalipungua, hayakwisha. Dozi moja humkinga mnyama kwa muda mrefu, lakini jike mwenye mimba anaweza kuitupa au kuzaa mtoto mwenye kilema. Na kutupa mimba ndiko hasa kunakoitambulisha homa yenyewe. Mfugaji aliyeshuhudia mimba zikianguka siku chache baada ya sindano hana haja ya kuelezwa habari za maabara. Waliochanjwa wametupa mimba, basi. Mwakani ukija na kisanduku chako cha barafu utakuta zizi tupu, mifugo imeshapelekwa malishoni tangu alfajiri.

Nimeanza na kondoo huyu kwa sababu kila utafiti wa chanjo salama zaidi za mifugo unapotajwa, jibu huwa tayari: tunazo chanjo zinazofanya kazi, tatizo ni kuzifikisha kwa wanyama, kwa hiyo fedha za kutafuta usalama zaidi ni anasa ya wenye maabara. Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi wao wamekanyaga vumbi la kampeni za chanjo kuliko sisi tunaoandika, na wana shahidi mzito, sotoka, ule ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe kwa makundi.

Chanjo ya sotoka iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilikuwa hai. Walikipitisha kirusi katika seli za figo za ndama mara tisini hivi, kikawa hakimdhuru hata ng'ombe mwenye mimba, wala hakikurudia ukali wake. Dozi moja ilitosha maisha yote ya ng'ombe, kwa bei ndogo. Udhaifu wake ulikuwa joto, na huo nao ulipunguzwa baadaye ilipopatikana namna ya kuikausha ikaweza kukaa wiki kadhaa bila barafu. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina sotoka, ugonjwa wa pili kufutwa baada ya ndui. Anayedai kwamba kila chanjo hai ni hatari ajibu hilo kwanza.

Mimi sidai hivyo. Nasema tu kwamba sotoka ilikuwa adui mwenye sura moja. Chanjo moja iliwakinga ng'ombe dhidi ya kirusi popote kilipotokea. Ugonjwa wa miguu na midomo una aina saba za virusi, na kinga ya aina moja haimfai ng'ombe anapokutana na nyingine. Homa ya nguruwe ya Afrika ndiyo ngumu zaidi. Ureno ilijaribu chanjo hai miaka ya 1960, na nguruwe wengi waliochanjwa wakaishia na ugonjwa sugu, viungo vimevimba na ngozi ina vidonda. Vietnam iliidhinisha chanjo mpya Juni 2022, na Agosti ikaisimamisha kwa muda baada ya nguruwe kufa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilipewa nguruwe ambao haikukusudiwa kwao, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kutumika kwa upana. Maelezo hayo nayakubali, ila ndiyo yanayonipa wasiwasi. Chanjo ya mifugo hutumiwa na mtu mwenye haraka, mkono mmoja umeshika sikio la nguruwe, na maelekezo yameloa mfukoni. Usalama usiostahimili mazingira hayo una kasoro.

Watu huniambia: basi tumia chanjo iliyouawa. Kirusi kikishakufa hakirudi. Hapo ndipo lilipo jambo linalonikosesha usingizi, kwa maana ili upate kirusi kilichokufa lazima kwanza ukuze kilicho hai, tena kwa wingi. Chanjo ya kawaida ya miguu na midomo huanzia kwenye matangi ya maelfu ya lita, yaliyojaa seli zinazozalisha mojawapo ya virusi vinavyoambukiza kwa kasi kuliko vyote kwa wanyama. Kiwanda kinachokusudia kuwalinda ng'ombe wa nchi nzima kina ndani yake ugonjwa unaotosha kuwaambukiza wote.

Kilichotokea Pirbright, Uingereza, kinaonyesha maana yake. Eneo hilo lilikuwa na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo na kiwanda cha chanjo, vyote vikitumia mfumo mmoja wa mabomba ya majitaka. Mapema Agosti 2007 ng'ombe wa shamba lililo kilomita chache kutoka hapo wakaanza kutokwa na udende na kuchechemea. Kirusi kilipopimwa kikaonekana kuwa cha mwaka 1967, ambacho hakikuwa kikionekana tena kwa mifugo shambani bali kilihifadhiwa maabara. Wachunguzi walikuta mabomba ya zamani, mengine yamepasuka, mengine yamepenywa na mizizi ya miti. Julai mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, na mafundi wa ujenzi walikuwa wakichimba palepale. Maelezo waliyoona yana uzito zaidi ni kwamba maji yenye virusi yalivuja ardhini, kisha tope likatoka getini limeganda kwenye magari ya ujenzi, yakapita barabara iliyo karibu na shamba.

Hakuna aliyefungua mlango kwa uzembe wa kusimuliwa. Ni bomba, mvua na tairi la lori. Mashamba manane yaliambukizwa, mifugo ikachinjwa, biashara ya nyama nje ya nchi ikasimama. Nchi yenyewe ilikuwa bado inakumbuka mwaka 2001, wanyama zaidi ya milioni sita walipouawa kwa ugonjwa huohuo. Nchi yenye sheria, wakaguzi na fedha, na bado ilishindwa na mizizi ya mti. Halafu kuna kuua kwenyewe. Zamani virusi viliuawa kwa formalini, kemikali ambayo wakati mwingine huacha vichache vikiwa hai. Katika miaka ya 1980 ulinganisho wa jeni ulionyesha kwamba baadhi ya milipuko ya Ulaya ilikuwa na chimbuko katika chanjo zisizouawa sawasawa au katika maabara. Dawa za siku hizi huua vizuri zaidi, lakini bomba halijui ni dawa gani inayotumika ndani.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akiita anasa ile kazi ya kutengeneza ganda tupu la kirusi, nashangaa. Kirusi cha miguu na midomo kimefungwa katika ganda la protini lenye vipande kumi na viwili vya pembe tano. Mwili wa ng'ombe hujifunza kukitambua kwa kuliona hilo ganda, hauhitaji kilichomo ndani. Watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Pirbright penyewe, walizipa seli za wadudu maelekezo ya kutengeneza ganda pekee, bila jeni za kirusi. Hakuna cha kuua kwa sababu hakuna kilichokuwa hai, na tangi likivuja linavuja protini. Hilo ganda lina tabia ya kusambaratika likipata joto, na hivyo ndivyo chanjo za kawaida zinavyoharibika barafu inapoyeyuka njiani. Katika kazi waliyochapisha mwaka 2013 walibadilisha kiungo kimoja cha protini mahali vipande vinapokutana, vikashikana kama vilivyotiwa kishikizo, na ganda likastahimili joto zaidi. Soma tena hapo: utafiti wa usalama ukazaa chanjo inayovumilia safari ndefu, yaani tatizo lilelile la kuwafikia wanyama ambalo wapinzani wanalilia.

Gharama siifichi. Kwa miaka mingi seli zilitoa maganda machache, kwa sababu kimeng'enya kinachokata protini ziwe vipande kilizidhuru seli zenyewe, ikabidi kipunguzwe nguvu. Aina saba zinadai maganda ya aina zote saba. Chanjo ya kawaida inatengenezwa kwa wingi mno na bei yake imeshazoeleka, na ng'ombe wa leo hawezi kusubiri ganda la kesho. Mpaka hapo niko na wapinzani: achanjwe kwa kilichopo, leo.

Ila wanaposema chanjo zilizopo zinatosha hadi mwisho wa safari, nawauliza habari za sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyopangwa kufutwa duniani ifikapo 2030. Chanjo yake ni hai, nzuri, dozi moja inakinga kwa miaka mitatu au zaidi, wala haimdhuru mnyama. Tatizo lake liko kwenye kipimo. Chukua damu ya mbuzi aliyechanjwa na ya mbuzi aliyeugua akapona, ziweke kwenye mirija miwili: kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, ni zilezile. Sotoka ya ng'ombe ilikuwa hivyo pia, ndiyo maana nchi zililazimika kuacha kuchanja, zikasubiri wazaliwe ndama wasio na kingamwili, ndipo wakapimwa, huku kila mtu akiomba kirusi kisiwe kimejificha mahali. Kwa miguu na midomo, ng'ombe aliyepewa ganda tupu hana kingamwili za protini ambazo kirusi hutengeneza kinapozaliana ndani ya seli. Zikionekana kwenye damu yake, huyo ameambukizwa, na hakuna haja ya kuacha kumchanja ili kuligundua hilo.