Kisu Changu na Kigoda cha Mjomba

Mimi ni mhasibu, na sinunui hata sanduku la kiberiti kabla ya kulinganisha bei tatu. Kwa hiyo mjomba wangu wa Kilosa aliponialika kupumzika shambani kwake kwa siku tatu, nami nikaamua kwamba mtu anayekwenda porini hawezi kwenda bila kisu cha maana, kazi ya kukitafuta niliipa majuma mawili mazima na bajeti ya shilingi 20,000.

Nilianza kwa kukiondoa kisu cha kukunja, kwa sababu katika kazi nzito nguvu zote huishia kwenye ile bawaba yake ndogo. Nilichotaka ni kisu kisichokunjwa, ambacho chuma chake ni kipande kimoja kutoka ncha mpaka kitako cha mpini. Kwa kipimo hicho nilikikataa kisu nilichokikuta Kariakoo, chenye meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kitako, na mpini wenye uwazi uliojazwa viberiti, ndoana na uzi wa kuvulia samaki. Muuzaji aliniambia kuwa makomandoo hutumia hicho hicho. Nilimjibu kwa upole kwamba mpini ulio mtupu ndani umeshikwa na nati moja tu, na kwamba komando anayekwenda vitani akitegemea nati moja ana matatizo makubwa kuliko kukosa samaki.

Visu vya Mora, ule mji wa Uswidi, vinasifiwa kwa ukali na kwa bei nafuu, lakini unafuu huo ni wa huko kwao. Ukijumlisha gharama ya kukisafirisha, bajeti yangu ingeishia baharini. Ndipo nikaenda mtaa wa Gerezani, jijini Dar es Salaam, kwa fundi anayefua visu kwa springi za magari. Chuma cha springi hushika kutu usipokipaka mafuta, lakini kinanoleka vizuri na hakivunjiki ovyo, maana kilizaliwa kubeba lori. Bapa lilikuwa na urefu wa sentimita 15 na unene wa milimita 5, na mpini wake ulikuwa wa mninga uliopigwa ribiti tatu. Niliomba tupa nikaipitisha kwenye makali: ikiteleza pasipo kung'ata sana, chuma kimeiva. Iliteleza. Fundi alianza na 30,000, tukaelewana 18,000 pamoja na ala ya ngozi.

Usiku ule niliyapima makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wa kushoto, na kwa kuwa kila mwenzangu ofisini alistahili kuonyeshwa jaribio hilo, kufikia Ijumaa mkono ulikuwa na upara kuanzia kiwiko hadi saa.

Jioni ya kwanza kule Kilosa niliona ni wakati wa kupasua kuni kwa kisu, jambo linalofanywa kwa kusimamisha gogo, kulaza makali juu yake, kisha kuupiga mgongo wa kisu kwa rungu. Kisu sharti kiwe kirefu kuliko upana wa gogo, na gogo lisiwe na vifundo. Nyuma ya jiko nilipata gogo fupi, nikalipima kwa rula (nilikuwa na rula): sentimita 14. Kifundo hata kimoja halikuwa nacho, na juu lilikuwa na ufa mwembamba kana kwamba limeniandalia njia. Giza lilikuwa limeshaingia. Ningekuwa na tochi, ningeona kwamba nyuma ya ule ukingo mweupe chini ya ganda, moyo wa gogo ulikuwa mweusi tititi.

Lilikuwa gogo la mpingo, mti ambao Wamakonde huuchonga vinyago, Wazungu huufanyia klarineti, na ambao ukiutumbukiza majini huzama kama jiwe.

Nilipiga. Kisu kiliingia katika ufa vizuri mno, nami nikaongeza bidii mpaka mgongo wake ukawa sawa na uso wa gogo, mahali ambapo hapakuwa tena na kitu cha kupiga. Ufa ulikibana. Upande mmoja ncha ilichungulia kama jino la panya, na upande wa pili mpini ulitokeza kama wa kikaango.

"Mjomba," alisema mjomba wangu kutoka gizani, "unatafuta nini humo ndani?"

"Napasua kuni, mjomba."

"Kuni zilizopasuliwa zipo hapo ukutani. Shoka lipo mlangoni. Hicho ni kigoda changu."

Siku mbili zilizobaki za mapumziko yangu tulizimalizia kwenye kigoda. Kabari zilivunjika. Mkaza mjomba alimimina mafuta ya alizeti kwenye ufa, na kisu kikang'aa vizuri zaidi pale pale kilipokuwa. Mjomba alitaka kutumia shoka, nikamkatalia nikihofia makali yangu yasipate pengo. Mwishowe aliniambia nilipeleke gogo kwa fundi wangu huko Gerezani, na kisu kikitoka nimrudishie kigoda chake. "Angalau sasa lina pa kushikia," aliongeza.

Nililifunga kwa kanga nikapanda nalo basi, kilo saba hivi zikiwa mapajani mwangu. Konda alitazama mpini uliochomoza, akauliza kama ni mtoto au mzigo, kisha akanitoza 3,000 za mzigo.

Kwenye kizuizi cha mazao ya misitu, afisa aliifungua kanga, akanyamaza kwa muda.

"Mzee, hiki nikiandike silaha au mazao ya misitu?"

Nilimweleza kwamba kisu ni changu na gogo ni kigoda. Alisema vigoda avijuavyo yeye vina miguu mitatu, na kwamba mpingo hausafirishwi bila kibali. Hivyo gogo litabaki, ila kisu ni mali yangu halali, akaniambia nikichukue niende zangu.

Nilivuta. Konda alivuta. Abiria wawili wenye misuli walivuta, mmoja huku na mwingine kule, na mama mmoja dirishani akawa anawahesabia. Afisa mwenyewe alivua kofia, akaukanyaga ukingo wa gogo kwa buti, akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Dereva alipopiga honi mara ya nne nilipanda basi nikiwa na ala tupu kiunoni.

Baada ya miezi mitano nilipita tena njia ile. Chini ya mwarobaini, kando ya kizuizi, afisa yule alikuwa amelikalia gogo, na kofia yake ameitundika kwenye mpini. Alinitambua, akanipungia mkono.

Ala sasa mke wangu huhifadhia mkasi. Kisu nacho bado nimekiandika katika daftari langu upande wa mali, kwa sababu mmiliki wake ni mimi na mahali kilipo panajulikana.