Salamu Iliyoninunulia Punda

Katika miaka ya 1960, nilipokuwa mwanafunzi huko Ayalandi, mwenzangu wa darasani na baba yake walinichukua mwezi Oktoba kwenda kwenye gulio la Ballinasloe, ambako wakulima walifika na farasi, ng'ombe na punda wao. Bei haikuandikwa popote. Muuzaji alitaja ya juu, mnunuzi akaondoka kwa hasira za kuigiza, na dalali ambaye hakuitwa na mtu akamkimbilia, akamrudisha kwa kumvuta koti huku akiwahimiza wagawane tofauti. Wakikubaliana, muuzaji alitema mate kiganjani, viganja vikapigana kofi, na biashara ikawa imekwisha bila karatasi.

Mimi hayo sikuwa nimeelezwa. Nilimkuta mzee mmoja amesimama na punda wake, mkono ameunyoosha, na kwa kuwa nimelelewa kwamba mkono wa mkubwa hauachwi hewani, niliupokea kwa mikono yangu miwili na kuinama kidogo. Ulikuwa na unyevu, nami nikadhani ni mvua, ambayo kule haikosi. Papo hapo dalali akazuka nyuma ya mkokoteni, akatupigisha viganja na kutangaza, "Pauni 6! Mungu awabariki nyote wawili!" Kijana mmoja akampaka punda tope kiunoni, alama ya kuwa ameuzwa. Mzee naye akanitilia mkononi sarafu ya shilingi 2 na peni 6, yenye picha ya farasi, kwani desturi ilimtaka muuzaji amrudishie mnunuzi kidogo cha bahati. Hiyo ndiyo ikawa fedha yangu yote.

Baba mwenyeji wetu alipofika, alimtazama punda, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Mwanangu, viganja vimepigwa?" Nikakiri. Kulivunja neno lililopigiwa kofi mbele ya majirani kungeifedhehesha nyumba yake, kwa hiyo alilipa, akamwita dalali yuleyule amtafutie punda mnunuzi mwingine. Asubuhi dalali alikuwa amesifu meno ya punda kuwa ni ya mnyama mwenye busara za miaka 9. Alasiri aliyafunua tena mbele ya mkulima mmoja, akaapa kwamba hajatimiza 5. Tuliuza kwa pauni 5, tukatoa shilingi 2 na peni 6 zangu za bahati, na dalali akadai kinywaji kwa kila upande, akisema siku hiyo amefanya kazi mara mbili.