ENA imefutwa, ila mi naona tatizo lilikuwa ile orodha ya matokeo

Aprili 2021 Macron alipotangaza kwamba ENA inafutwa, ile shule ya Ufaransa inayowaandaa vigogo wa serikali, wengi walifurahi na siwalaumu. Marais wanne wametoka pale, Giscard d'Estaing, Chirac, Hollande na Macron mwenyewe, na waandamanaji wa vizibao vya njano wa 2018 walikuwa wameshachoka kuongozwa na watu wa aina moja, wengi wao watoto wa familia zenye uwezo.

Lakini tukumbuke ilianzishwa kwa nini. Kabla ya 1945 kila wizara ilikuwa inajichukulia watu wake yenyewe, kwa hiyo undugu na kujuana vilikuwa na nguvu sana, serikali ya de Gaulle ikasema hapana, mtihani mmoja kwa wote. Lengo lilikuwa haki kabisa, yani mtoto wa mwalimu huko kijijini apate nafasi sawa na mtoto wa waziri. Wanaoitetea hawajakosea hapo.

Palipoharibika kabisa, kwa maoni yangu, ni kwenye orodha ya kumalizia masomo, ile iliyowapanga wahitimu kwa alama zao. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeshika nafasi za juu alikuwa anaenda zake idara ya Ukaguzi wa Fedha ya serikali au Conseil d'État, ambayo ndo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, na hiyo heshima alikuwa anatembea nayo mpaka anastaafu, hata kama hajawahi kuongoza ofisi wala kukaa kaunta akamsikiliza mama anayefuatilia pensheni yake. Sasa hapo mtihani ulikuwa unapima nini jamani?

Januari 2022 ikaja shule mpya, INSP, badala yake, na sasa wahitimu wanatakiwa wakafanye kazi za kawaida kwanza kabla ya kuingia kwenye hizo taasisi kubwa. Hilo nalipongeza bila kusita. Ila mageuzi hayohayo yakagusa na wanadiplomasia, kada yao ikaanza kufutwa wachanganywe na maofisa wengine, wakagoma Juni 2022, na mi nawaelewa kwa sababu kujua nchi ya watu na lugha yake ni ujuzi wa miaka, haupatikani kwa kuhamishwa tu idara.

Wanaodhani shule yenyewe haina haja waangalie Uingereza. Walifunga chuo chao cha taifa cha watumishi wa umma 2012, mafunzo mengi wakawa wananunua kwa kampuni binafsi, na maofisa wao wanahamahama wizara kila baada ya muda mfupi. Ujerumani nayo haijawahi kuwa na shule moja ya vigogo, inategemea sana wanasheria ambao baada ya chuo wanapitishwa miaka miwili mahakamani, kwa waendesha mashtaka na kwenye ofisi za utawala, wanaiva vizuri lakini fikra za kisheria zinatawala kila kitu.

Mi ningeiacha shule, nifute orodha, halafu hela nyingi ya mafunzo niipeleke kwa ofisa wa miaka 40 ambaye ameshaonekana kazini anaweza nini.