Santuri ya Siti, nta ya Weule: sauti za kale ziwe bure kwa nani?

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Miaka ishirini na miwili kabla yake, mwaka 1906, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akiwaimbisha wenyeji mbele ya pembe yake. Kusini yote ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita vya Maji Maji. Safari hizo mbili zilizaa vitu tunavyovipa leo jina moja, rekodi za kale za Afrika Mashariki. Na kila zinapozungumziwa rekodi hizo, wapenda muziki na watafiti wengi hutoa rai moja: ziwekwe mtandaoni bure, kila mtu asikilize.

Kwa Siti naiunga mkono rai hiyo bila kusita. Kwa Weule nasita sana.

Tuanze na faida, kwa kuwa ni kubwa na mara nyingi sisi wenyewe tunaipuuza. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina hifadhi ya mtandaoni yenye rekodi zaidi ya 10,000 zilizotoka kwenye mitungi midogo ya nta, chombo cha sauti kilichotangulia santuri. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua hifadhi yake ya santuri za kampuni ya Victor mwaka 2011. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, nayo imekusanya santuri za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika kwa wingi usiomithilika. Hazina hizo zimejaa zaidi kile kilichouzwa kwa Wamarekani. Sauti za kwetu zimeokolewa kwa sehemu kubwa na watu binafsi, kama Jonathan Ward wa Los Angeles, ambaye tangu mwaka 2007 amekuwa akiweka mtandaoni santuri adimu za dunia nzima, za Afrika zikiwemo, pamoja na maelezo ya kila moja. Bila watu wa aina hiyo, santuri nyingi zingeishia kuvunjika. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu kutoka India, na ikianguka sakafuni mara moja, basi.

Thamani ya kusikia haipatikani kwa kusoma. Wimbo wa Siti kuhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka bara kisha akatoroka, na jinsi wanawake waliomwalika marehemu walivyoishia kuadhibiwa, umenukuliwa vitabuni mara nyingi. Kitabuni ni shairi la malalamiko juu ya hukumu. Mdomoni mwa Siti unakuwa ushahidi: unasikia anapovuta neno, anapolikata, na namna fidla inavyomjibu. Historia ya akina mama wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Unguja, haikuandikwa na karani wa serikali ya kikoloni kwa namna hiyo, na isingeandikwa.

Hata hivyo santuri nayo haisemi yote. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Taarabu ya usiku kucha, ambayo wimbo hurefuka kadiri watu wanavyoinuka kutunza, ilibidi ikatwe ili iishe kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Anayesikiliza leo na kudhani kwamba hivyo ndivyo watu wa Unguja walivyoimba anakosea, na hifadhi nyingi za bure hazimwonyi. Zinampa faili, jina lililoandikwa kwa tahajia ya karani wa kampuni na pengine mwaka. Nani alipiga udi? Maneno ni ya nani? Hapo mara nyingi pako patupu.

Kuna jambo la Kampala ambalo kila ninapolitafakari linanipa uzito wa hoja ya kufungua. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi muziki wa kasri ya Kabaka wa Buganda. Mwaka 1966 jeshi la Obote liliivamia kasri hiyo, ala za kifalme zikaangamia na wapigaji wakatawanyika. Kilichobaki katika kanda za Tracey kikawa miongoni mwa mashahidi wachache wa jinsi muziki ule ulivyosikika. Anayesema sauti zifungiwe kabatini kwa ajili ya heshima anapaswa kujibu: vijana wa Buganda wangejifunza kwa nani?

Sasa upande wa pili. Siti alikwenda Bombay akiwa msanii. Alijua santuri ni nini, alijua zingeuzwa madukani, na aliimba ili zisikike na watu asiowajua. Mtu aliyesimamishwa mbele ya pembe ya Weule hakuwa na hali hiyo. Mgeni alikuwa wa serikali iliyotoka kuchoma vijiji na mashamba, na njaa ilikuwa bado kali. Hata kama aliimba kwa furaha, na huenda wapo walioimba kwa furaha, hakuna aliyemuuliza kama anaridhia sauti yake isikilizwe Ujerumani, sembuse kila mahali penye intaneti. Hali ilikuwa ngumu zaidi katika kambi ya Wünsdorf karibu na Berlin wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia mwaka 1915 tume ya wanazuoni wa Prussia iliwarekodi wafungwa wa kivita wakisoma, wakisimulia na kuimba kwa lugha zao, Waafrika wakiwemo. Mfungwa hana nafasi kubwa ya kukataa.

Kuna pia nyimbo zisizokuwa za hadhara tangu mwanzo: za jando na unyago, za uganga, za msiba. Msikilizaji wa mbali huziona burudani. Kwa wenyewe zina wakati wake na watu wake, na kuziweka wazi ni kuvunja mwiko. Kenya imelitambua hilo kwa sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, ambayo inaipa jamii sauti juu ya mali yake ya kiutamaduni hata pale ambapo hakimiliki ya kawaida imekwisha muda.

Lakini upande huu una udhaifu wake, na wanaoutetea hawapendi kuutaja. Tukisema "zifungwe", ufunguo anabaki nao nani? Hifadhi ya fonogramu, yaani rekodi za sauti, ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900, na mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwanazuoni wake maarufu, Erich von Hornbostel, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi mwaka 1909 kwa kusikiliza mitungi ya nta, bila kufika Unyamwezi. Mlango ukifungwa leo kwa jina la heshima, mtafiti wa Berlin atasikiliza kesho asubuhi. Mjukuu wa mwimbaji aliyeko Newala ataomba viza kwanza. Heshima ya namna hiyo inamlinda aliyezichukua sauti kuliko aliyeimba.

Hoja ya hakimiliki inanishawishi kidogo zaidi, ila si sana. Uingereza inalinda rekodi kwa miaka 70 tangu kutolewa, hivyo santuri za Siti za 1928 ziko huru huko zamani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, zinafungwa hadi mwisho wa 2028. Kampuni kubwa za muziki ziliishtaki Internet Archive mwaka 2023 kwa sababu ya santuri za 78, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2025. Sioni familia yoyote ya mwimbaji wa Unguja au Mombasa iliyonufaika na kesi hiyo. Kwa upande mwingine, wimbo ukishakuwa huru, kampuni yoyote inaweza kuutoa upya, ikauuza na isidaiwe senti. Hilo ni kweli na linauma. Lakini kumfungia msikilizaji wa kawaida hakumlipi mrithi.

Ninachokiona kuwa njia ya haki kimeshajaribiwa. Mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann alirekodi Uganda kati ya 1949 na 1954, na rekodi zikaenda London. Sasa nakala ziko Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi iliyofunguliwa mwaka 2009. Rekodi alizozifanya Tracey mwaka 1950 kwa Wakipsigis wa Kenya zilirudishwa kijijini miongo sita baadaye na hifadhi yake ya Afrika Kusini ikishirikiana na wanamuziki wa Kenya. Nakala ikiwa mikononi mwa wenyewe, wanaweza kusema huyu ni fulani, hii ni ya harusi, na hii msiiweke hadharani. Bure inayokuja baada ya mazungumzo hayo naikubali. Ile inayoyaruka naona ni kuchukua mara ya pili.

Kurudisha nakala kuna sababu nyingine ya kawaida kabisa. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza, na tovuti yake ya sauti, yenye mkusanyiko mkubwa wa Afrika, ikazimika. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Internet Archive kushambuliwa, nayo ikatoka hewani kwa siku kadhaa. Sauti zetu hazifai kutegemea seva za watu wawili watatu. Uzito wa mafaili nao haukwepeki: dakika tatu za sauti ya kiwango cha kuhifadhia, chaneli moja, hukaribia megabaiti 50, ilhali zile zile zikibanwa ni kama megabaiti tatu. Taasisi inayotoa faili kubwa tu imefungua mlango kwa wenye bando nene. Zote mbili zitolewe.

Kwa hiyo santuri za biashara za miaka ya 1920 hadi 1950 zifunguliwe zote, na majina ya wapigaji yatafutwe. Mitungi ya nta ya kikoloni na sauti za wafungwa zirudi kwanza Mtwara, Lindi, Tabora na kwingineko zilikotoka, kisha wenyewe waamue. Tarehe 1 Januari 2029 Marekani nayo itaziachia santuri za Bombay. Zitasambaa kwa kasi, zikiwa na lebo zile zile za karani wa 1928. Chuo cha muziki cha Zanzibar, makumbusho na idara za Kiswahili za vyuo vyetu zina muda huo wa kukaa na wazee wa taarabu, kunakili mashairi neno kwa neno na kuandika nani alipiga nini, wakati bado wapo wanaoweza kuitambua fidla ya mtu kwa kuisikia tu.