Jina la mkondo wa sanaa lije mwisho

Kuna zoezi linalonikera kila nikikutana nalo kwenye vitabu vya sanaa vya shule ya msingi. Kushoto majina ya mikondo, kulia maelezo, mtoto aunganishe kwa mistari: impreshonizimu na "mwanga", kubizimu na "maumbo ya kijiometri", surealizimu na "ndoto". Mwenye kumbukumbu nzuri atapata zote bila kutazama picha hata moja. Kesho yake mwonyeshe mchoro asioujua wa Georges Braque, mchoraji wa kubizimu, atakukodolea macho tu.

Kwangu mimi, jina lije mwisho kabisa, mtoto akishaona kitu na kukisema kwa maneno yake. Historia yenyewe ilikwenda hivyo. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipotundika picha yake ya jua likichomoza bandarini, katika maonyesho ya Paris mwaka 1874, mkondo wa impreshonizimu haukuwa na jina. Mhakiki Louis Leroy alichukua neno "impression" kwenye kichwa cha picha hiyo, akalifanya kejeli, nalo likaganda. Mwaka 1905 mhakiki mwingine, Louis Vauxcelles, akawafananisha wachoraji akina Henri Matisse na wanyama wakali, "fauves" kwa Kifaransa, kwa jinsi rangi zao zilivyopiga kelele. Fovizimu ikapata jina lake hapo. Visa hivi watoto huvishika upesi. Habari ya kubandikwa jina la utani wanaijua kuliko sisi.

Monet huyohuyo alichora, hasa mwaka 1890 na 1891, picha zipatazo 25 za marundo ya ngano shambani. Chagua mbili, moja ya kiangazi na moja ya theluji, uziweke pamoja ubaoni na ukae kimya. Wa kwanza atasema theluji. Halafu mmoja ataona kuwa kivuli si cheusi, kina buluu na zambarau. Mwingine atasema mchoraji alikuwa na haraka. Hapo mwalimu mwepesi wa kusifu huharibu kila kitu, kwa sababu anadakia "vizuri sana, hiyo ndiyo impreshonizimu" na mazungumzo yanakufa. Muulize: umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Atainuka, atasogea, ataonyesha kwa kidole: brashi imepita hapa, alama yake imebaki, na huku pembeni hakuna mstari unaotenga rundo na shamba. Mtoto wa miaka minane ameshaueleza mkondo mzima, bado jina tu.

Swali hilo si langu. Mwanasaikolojia Abigail Housen na mwelimishaji wa makumbusho Philip Yenawine walijenga njia yao ya kufundisha kutazama picha juu ya maswali matatu: nini kinaendelea hapa, umeona nini kinachokufanya useme hivyo, na ni nini kingine tunaweza kukiona. La pili ndilo lenye kazi. Mengine mawili yanafungua na kuendeleza.

Jambo moja ambalo vitabu vinatuangusha ni ukubwa. Picha ya Georges Seurat ya watu wakipumzika kando ya mto, aliyoimaliza mwaka 1886 na ambayo sasa iko Chicago, ina kimo cha mita mbili na upana wa mita tatu. Saa za Salvador Dalí, mchoraji wa surealizimu, zinazolegea kama zimeyeyuka, za mwaka 1931, ziko kwenye turubai ya sentimita 24 kwa 33, yaani kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya A4. Kitabuni zote mbili zinatosha kiganjani, na vidoti vya Seurat vimepotelea kwenye uchapaji. Chukua chaki, chora sakafuni mita mbili kwa tatu, waambie wawazie kuijaza kwa vidoti. Mtoto akisimama ndani ya mstatili ule, habari ya subira ya mchoraji huhitaji tena kuihubiri.

Sababu za mabadiliko nazo zigusweni, ila kwa ufupi. Kamera ya Louis Daguerre ilitangazwa mwaka 1839: mashine ikishaweza kunakili uso, mchoraji afanye nini? Rangi za kwenye tyubu, zilizobuniwa mwaka 1841, zilirahisisha kuchorea nje, juani. Yanatosha hayo mawili.

Zoezi la "chora uso kama Picasso", mwenzake Braque katika kubizimu, ndilo ninalolitilia shaka. Darasa zima linatoa pua za pembeni zinazofanana, na hakuna aliyeulizwa kwa nini jicho moja linatazama mbele na jingine upande. Waache kwanza wazunguke kikombe kilichowekwa mezani, wakichore kutoka pande tatu kwenye karatasi moja. Kubizimu itakuja yenyewe.

Wala mikondo isiwe mingi. Minne inatosha hadi darasa la mwisho la msingi, na wadogo kabisa hawahitaji hata mmoja kwa jina. Kwenye mtihani, weka picha tano wasizowahi kuziona, bila maandishi, waseme zipi zinakwenda pamoja na kwa nini. Picha ya mchoraji Vincent van Gogh ikiwagawanya, waacheni wabishane, hata wataalamu walimtupia kwenye kapu la "baada ya impreshonizimu". Najua walimu watanijibu kwamba kusahihisha maelezo ya darasa kubwa ni mzigo. Basi isahihishwe kwa mdomo, kila mtoto sentensi mbili akiwa amesimama mbele ya picha, na alama itolewe kwa ile sentensi ya pili, yenye "kwa sababu".